Siku ya Dungu Hulipwa kwa Dungu

Barua iliyonipeleka kwenye Mto Tana ilikuwa fupi. Ilinitaka nikae na waumini wa kanisa dogo karibu na Kulesa hadi mavuno ya mpunga, nikiwasaidia kulihuisha, na ilinijulisha kwamba mchungaji mwangalizi angefika mpunga ukikaribia kukomaa ili ajionee hali. Yale ambayo barua haikuyasema niliambiwa kwa mdomo kabla sijapanda lori la kwenda Garsen. Kanisa likionekana bado limelala, litafungwa, na waumini wake wataunganishwa na wenzao wa kijiji cha chini, mwendo wa asubuhi nzima kwa mtumbwi. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa kijana wa milimani, niliyesoma vitabu vingi na kuona mito michache, ambayo yote ningeweza kuivuka kwa kuruka.

Aliyenipokea mtoni alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa mrefu, mkavu, na maneno yake yalikuwa machache kama nyama iliyokuwa mwilini mwake. Aliushika mtumbwi kwa mkono mmoja, akaniangalia viatu.

"Unajua kuogelea, Mwalimu?"

"Sijui."

"Basi kaa chini kabisa. Na tukipishana na watu, wasalimie kwa mdomo. Usinyanyue mkono."

Kanisa lilisimama juu ya ukingo, mahali ambapo mafuriko ya kawaida hayafiki. Kuta zake zilikuwa za udongo, paa la makuti, na boriti zake zilikuwa za mikoko, ambazo mzee huyo alikuwa amezileta mwenyewe kutoka Kipini, akizivuta nyuma ya mtumbwi dhidi ya mkondo kwa siku kadhaa. Alinionyesha boriti moja baada ya nyingine, akaniambia ipi ilimponyoka na kumrudisha nyuma safari ya nusu siku. Mkewe alikuwa amefariki na binti zake wameolewa mbali. Nilielewa, bila kuambiwa, kwamba kulifunga jengo lile kungekuwa kumfunga yeye ndani yake.

Jumapili yangu ya kwanza, alipiga kipande cha reli kilichotundikwa mlangoni, akapiga tena, kisha tukaingia. Tulikuwa mzee wa kanisa, bwana na bibi mmoja wa makamo makubwa, mama mmoja anayenyonyesha, na mimi. Baada ya ibada nilimuuliza wengine walikuwa wapi.

"Ng'ambo."

"Wanafanya nini huko?"

"Wanatenda dhambi," akajibu, akaniandalia mihogo.

Ilinichukua muda kuipata dhambi hiyo kwa ukamilifu. Ng'ambo ya mto ndiko yalikokuwa mashamba ya mpunga, katika ardhi ambayo maji ya mafuriko huifunika, huirutubisha, kisha huiacha. Mpunga unapoanza kushika maziwa ndani ya suke, ndege wadogo huja kwa makundi yanayofanana na moshi unaosukumwa na upepo, na kundi moja likitua kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, mwenye shamba hubaki na majani. Kwa hiyo kila shamba lina dungu lake, yaani jukwaa la miti lenye urefu wa kumzidi mtu, na juu yake mtu huamia, yaani hufukuza ndege, kutoka mapambazuko hadi machweo, akiwa na kombeo, mabonge ya udongo mkavu, na debe la kugonga. Wengi walihamia huko kabisa msimu wote, wakalala katika vibanda chini ya madungu yao.

Ndege, hata hivyo, hawaitambui Jumapili. Mzee wa kanisa aliitambua vizuri sana. Miaka kadhaa nyuma alikuwa ameweka kanuni kwamba yeyote atakayepanda dungu siku ya Bwana asiikaribie Meza ya Bwana. Mwaka wa kwanza walitengwa wachache. Mwaka uliofuata walitengwa zaidi. Nilipofika mimi, waliokuwa nje ya kanisa ndio waliokuwa kanisa, na waliobaki ndani walikuwa wale wasiokuwa na mpunga.

Lakini mzee mwenyewe alikuwa na mpunga. Hilo ndilo lililonizuia kumdharau. Kila Jumapili aliliacha shamba lake bila mlinzi, na kila mwaka ndege walilivuna kabla yake. Watu waliniambia kwamba alikuwa amesahau ladha ya wali wa kwake. Hakulalamika. Lakini ndege waliozoea kushiba kwake siku ya Jumapili hawakukaa na njaa siku ya Jumatatu. Walihamia mashamba ya jirani, wakiwa wameleta na ndugu zao. Majirani waliijua dini yetu kwa alama hiyo kuliko kwa nyingine yoyote.

Kanuni ile niliitafuta katika vitabu vya taratibu vya kanisa nilivyokuja navyo, ukurasa kwa ukurasa, na sikuiona. Sikuthubutu kumwambia. Nilifanya nilichofundishwa: nilipita nyumba kwa nyumba kijijini kuwaalika watu, nikabisha milango ya nyumba tupu kwa adabu kubwa. Siku nne zilipita hivyo kabla sijatambua kwamba niliowatafuta wote walikuwa wakiniona kutoka ng'ambo, na kwamba nilikuwa nimewapa kitu cha kuchekea wakati wa adhuhuri, saa ambayo ndege hupumzika.

Siku ya tano nilivuka. Shamba la kwanza lilikuwa la mama mmoja mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa binamu ya mzee wa kanisa, kwa hiyo mzee alikuwa shemeji yake. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutengwa. Aliniona nikija, akaniita kutoka juu ya dungu.

"Karibu, Mwalimu! Umekuja kuamia au umekuja kuhubiri?"

"Nimekuja kukualika kanisani, mama."

"Vizuri. Panda."

Nilipanda. Alinitia kombeo mkononi, akashuka. "Nakwenda kukoroga uji. Wakitua, piga kelele."

Walitua. Nilizungusha kombeo, na bonge la udongo likaanguka miguuni pangu. Kuhusu kupiga kelele, niliona aibu. Katika shule nilizosoma, sauti kubwa iliruhusiwa kwa jambo moja tu, nalo lilikuwa kukariri, na kilichonijia kinywani ni vitenzi vya Kilatini. Nilivinyambua kwa sauti, wakati uliopo kwanza, kisha wakati uliopita. Ndege waliendelea kula.

Mama alirudi mbio na mwiko mkononi. "Mwalimu! Unawafukuza au unawafundisha?"

Kutoka dungu la shamba la pili kulisikika kicheko. Mwenye shamba hilo alikuwa Mwislamu kutoka sehemu za juu za mto, ambaye alioa kijijini hapo na kubaki. "Mwache, mama," alipaza sauti. "Wakihitimu wataondoka wenyewe."

Tulipokunywa uji, sote watatu, ndipo nilipoelezwa desturi ambayo ningepaswa kuiuliza siku ya kwanza. Siku ya dungu hulipwa kwa siku ya dungu. Ukiugua, au ukifiwa, au ukiwa na safari, jirani huamia kwako. Naye humlipi kwa fedha wala kwa samaki. Unamlipa kwa kuamia kwake, siku kwa siku, kabla mpunga haujakatwa. Anayekataa kulipa hudharauliwa. Lakini anayekataa kulipwa hufanya jambo baya zaidi, kwa maana amesema mbele ya watu kwamba hataki tena ujirani nawe.

"Mimi Ijumaa nikienda kusali," alisema yule jirani, "mama huyu hunishikia dungu. Nami Jumapili nilimwambia, nenda kanisani kwenu, nitakushikia lako. Shemeji yake akakataa."

"Alikataa kwa sababu gani?"

"Alisema amri inamhusu hata mgeni," akajibu mama, akilamba mwiko. "Kwamba huyu akifanya kazi Jumapili kwa ajili yangu, dhambi ni yangu vilevile. Shemeji yangu anayajua Maandiko, Mwalimu. Tatizo lake ni kwamba hajui kingine."

Nilivuka kurudi kijijini nikiwa nimepoteza sauti na kupata wazo. Nilimwambia mzee wa kanisa kwamba sisi watano tuliobaki tulikuwa na kitu ambacho mashamba yalikikosa, nacho ni nafasi. Kwa nini tusishike madungu siku za wiki, kwa ajili ya wagonjwa, wazazi wapya na wasafiri, bila kuuliza mtu ni wa dini gani? Sikutaja Jumapili. Alilifikiri jambo hilo kwa siku mbili, akilizungukia kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Siku sita ni za kazi," alisema hatimaye. "Kazi ya nani, amri haikutaja."

Tukaanza. Yule bwana wa makamo, ambaye kanisani alinong'ona tu, aligundulika kuwa na sauti ya kuhamisha ndege hadi tarafa nyingine, na mkewe akasema kwamba yeye alilijua hilo kwa miaka arobaini. Mama anayenyonyesha alimlaza mwanawe kivulini chini ya dungu na kugonga debe kwa namna ambayo mtoto aliizoea, hata kimya ndicho kilichomwamsha. Mimi nilijifunza kwanza kupiga kelele, kisha kurusha kombeo, na mwisho, baada ya kuanguka majini mara mbili mahali pasipo na kina, kupiga kafi. Watu walianza kunisalimia kabla sijawasalimia. Jioni walitupa ndizi na samaki, tukakataa, wakacheka na kusema kwamba basi watatulipa kwa madungu. Sisi wanne hatukuwa na mashamba ya mpunga, kwa hiyo neno hilo halikunishughulisha. Ningepaswa kukumbuka kwamba wa tano wetu, mzee, alikuwa na shamba.

Wiki chache kabla ya ziara ya mchungaji, binti wa yule mama mjane alijifungua huko Kipini, na mama alihitaji siku mbili kwenda kumwona mjukuu. Nilijitolea. Mzee wa kanisa akanikatiza.

"Nitakwenda mimi. Ni mke wa ndugu yangu."

Jirani mmoja alimshikia mzee shamba lake siku hizo mbili, naye akamrudishia wiki hiyohiyo. Alisimama juu ya dungu la mwanamke aliyemtenga, Jumanne na Jumatano, kimya, mrefu kama mti wa bendera, na watu wa mashamba yote walimtazama. Mama aliporudi na kukagua masuke yake, hakuona hata moja lililotobolewa.

"Shemeji," alisema, "umelinda mpaka panzi wameniomba ruhusa ya kupita."

"Karibu," alijibu, akaondoka.

Jumapili iliyotangulia ziara tulikuwa kanisani, walewale watano. Mzee alikuwa akisoma somo la kwanza. Katikati ya mstari alinyamaza. Kutoka ng'ambo, juu ya maji, kulikuwa kunakuja wimbo wa kanisa, mmoja wa zile alizowafundisha watu wa kijiji kile kabla hajawatenga, na kila mwisho wa ubeti ulifungwa kwa pigo la debe. Alisikiliza. Alikifunga kitabu huku kidole chake kikibaki ndani.

"Hilo," alisema, "ni debe langu."

Alitoka. Tulimfuata, mama na mwanawe pamoja, tukajaa mtumbwini, na kwa mara ya kwanza nilimwona akipiga kafi bila mpangilio. Juu ya dungu lake alisimama yule mama mjane, kombeo begani, akiimba ubeti wa tatu.

"Shuka!" mzee alimwita.

"Nikishuka mimi, shemeji, watashuka wao." Alionyesha kwa kidevu kundi la ndege lililokuwa likizunguka juu ya miti ya mikoma.

"Nani amekutuma uvunje Jumapili juu ya shamba langu?"

"Hakuna aliyenituma. Ulinishikia dungu siku mbili. Nakulipa."

"Unilipe siku nyingine!"

"Siku ipi? Jumatatu uko hapa mwenyewe. Jumanne uko hapa. Nimekuchungulia hadi Jumamosi, nikitafuta siku ambayo dungu lako ni tupu nipate kupanda. Ni moja tu. Niambie hutaki nikulipe, na watu hawa wakusikie, nishuke sasa hivi."

Watu walikuwa wakisikia kweli. Kwenye kila dungu mtu alikuwa amegeuka. Nilimtazama mzee na kuona kwamba alikuwa amenaswa mahali ambapo mimi, pamoja na vitabu vyangu vyote, nisingeweza kumnasa. Upande mmoja ilikuwa kanuni yake, na upande wa pili neno ambalo hakuna mtu wa mto ule aliyewahi kulitamka mbele ya jirani yake.

Ndipo kundi lilipokata kona na kushuka, si upande wa mama, bali kwenye pembe ya mbali ya shamba, hatua chache kutoka tulipokuwa. Mzee aliinama. Sidhani kwamba aliamua. Aliokota bonge la udongo, akalitupa kwa nguvu za mtu wa nusu ya umri wake, na kutoka kifuani mwake ikatoka kelele ambayo sijawahi kuisikia tena, wala sijui kuiandika. Ndege waliinuka wote kwa pamoja. Kutoka madungu yote kukapanda kelele, mbinja na vigelegele, na yule jirani Mwislamu akagonga debe lake mpaka likatoboka.

Mzee aliitazama mikono yake yenye udongo. Akakaa juu ya tuta.

"Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato," alisema polepole, kana kwamba ananisomea, "mwenyewe humtoa."

"Ndiyo, mzee."

"Nilikuwa nikilisoma hilo kila mwaka." Alifuta udongo mikononi. "Kanuni ile niliitunga mimi, Mwalimu. Usihangaike kuitafuta katika vitabu vyako. Nimekuona ukifunua kurasa." Kisha akapaza sauti, ili dungu la mwisho lisikie, akasema kwamba kanuni hiyo ameifuta, na kwamba aliowatenga anawaomba radhi. Akanigeukia. "Malizia ibada. Hapahapa."

Niliimaliza. Sikumbuki nilihubiri nini, na nadhani hakuna aliyekumbuka hata siku hiyo, lakini nakumbuka kwamba wimbo ulianzia shamba la kwanza na kupokewa shamba kwa shamba, hivi kwamba wa mwisho walikuwa bado katika ubeti wa pili sisi tulipomaliza wa nne, na hapakuwa na ndege aliyetua popote.

Wiki iliyofuata, mzee alifanya jambo moja peke yake. Alimwendea yule jirani Mwislamu. Wimbo, alisema, tunaweza kuimba juu ya madungu, lakini Meza ya Bwana hutaka mikono mitupu na kimya. Je, yeye na wenzake wangetushikia madungu kwa saa hiyo moja? Kisha akaongeza kabla hajajibiwa: "Ijumaa nitakuwa juu ya dungu lako. Si kwa hisani. Ni siku yako."

"Utaweza kuwafukuza, mzee? Ndege wa kwangu wamesomeshwa na Mwalimu."

"Nitaanza nao upya," alijibu mzee, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania.

Mchungaji mwangalizi alifika akiwa na mavumbi ya barabara ya Garsen kichwani. Alitazama ndani ya kanisa, akaona madawati matupu, akatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa.

"Kanisa liko ng'ambo, Mchungaji," alimwambia mzee.

"Limehama?"

"Limevuka. Karibu mtumbwini. Kaa chini kabisa."

Alihubiri akiwa amesimama katika uwanja mdogo kati ya mashamba manne. Alikuwa amefika kwenye hoja yake ya pili pale kundi lilipotokea upande wa mto, na mkutano wote ukainuka kwa kelele moja. Alirudi nyuma hatua tatu na kushika kofia yake.

"Endelea, Mchungaji," alisema mzee alipokaa tena. "Hao hawajabatizwa."

Wakati wa Meza ulipofika, jirani yetu na wenzake walipanda, mmoja mmoja, wakachukua makombeo kutoka mikononi mwa watu wetu. Waliosogea mbele walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona mahali pamoja katika kijiji kile. Mzee wa kanisa alipokea kikombe kutoka kwa mchungaji ili akipitishe, na hakuanza na waliokuwa karibu naye. Alipita katikati yao mpaka kwa mke wa ndugu yake, akampa kwa mikono miwili. Mama alikunywa, akamrudishia kikombe.

Jioni, ukingoni, mchungaji alitoa bahasha kutoka mfukoni. Ilikuwa barua ya kulifunga kanisa, aliyokwisha kuiandika na kuitia sahihi kabla ya safari, ili kuokoa muda. Alimkabidhi mzee bila maelezo. Mzee aliisoma yote hadi jina la mwisho, kwa utulivu, akauliza kama karatasi hiyo sasa ni yake.

"Ni yako. Mimi itanibidi niandike nyingine."

"Asante," alisema mzee, akaitia chini ya kuni, tukachemshia chai.

Mpunga ulipokatwa, alialika watu. Hakuwa na kinu, kwa sababu kile cha marehemu mkewe kilikuwa kimeliwa na mchwa katika miaka ambayo hapakuwa na cha kutwanga, kwa hiyo aliazima cha shemeji yake, na kwa ukaidi wake akatwanga mwenyewe. Wali ulijaa chuya. Tulikaa mkekani, tukaula kwa uangalifu, kila mtu akichomoa punje zenye maganda kutoka kinywani na kuzipanga ukingoni mwa sinia.

"Shemeji," alisema yule mama baada ya muda, "huu tunakula au tunauchambua?"

Mzee alijibu kwamba hakuomba maoni ya mtu, na kwamba wali wake ni mtamu. Akasogeza sinia karibu naye, akaendelea kula.